Bizimu la Tausi na Maji Yasiyokuwa Safi

Thuraya, aliyebaki na funguo za maabara yetu ya makumbusho, ameniomba niandike miaka yangu ya kazi kwa ajili ya vijana wanaoingia sasa. Nikamwambia mie si mwandishi, mie ni msafishaji wa vitu vya kale. Akasema ndo hicho hicho anachokitaka. Basi nnaandika. Vyeo na mishahara nnaviruka. Hivyo viko ndani ya faili langu, na faili lenyewe kwa miaka mingi lilikuwa limekosewa jina langu, kwa hiyo hata hivyo vyeo sina hakika kama ni vyangu.

Naitwa Zuwena. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Maskati mdogo, nikasoma hapa, na chuoni nikachukua kemia kwa sababu mamangu alitaka niwe mfamasia. Kazi ya kwanza niliyoipata haikuwa duka la dawa. Ilikuwa nyumba ya kukodi mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, ambako makumbusho yalikuwa yamehifadhi vitu visivyokuwa na pa kukaa. Maabara ilikuwa jiko la nyumba hiyo. Sinki lilikuwa la kuoshea vyombo, na mpaka leo nnaamini lilikuwa bora kuliko haya mapya tuliyoletewa.

Ndani ya jiko hilo nilimkuta Maalim Nasir. Alikuwa sonara Unguja, na alipokuja Oman wakamchukua kwa ajili ya mikono yake. Cheti hakuwa nacho.

"Umesoma nini, mwanangu?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Kemia, Maalim."

"Vizuri. Nyengine utaitumia, nyengine utaisahau."

Akanipa boliti ya gari iliyooza kwa kutu, aliyoiokota uchochoroni kwenye karakana ya jirani. Akaniambia niisafishe mpaka nisome namba iliyogongwa kichwani mwake, nisiipunguze hata chembe. Nilikaa nayo siku tisa. Siku ya tatu nililia chooni, kwa sababu rafiki zangu walikuwa wamevaa makoti meupe hospitalini na mie nnabembeleza boliti. Siku ya tisa namba ikatokea. Maalim akaitazama, akaitia mfukoni, akasema, "Haya, kesho tutaanza kazi."

Vifaa vyake vilikuwa vichache: darubini moja, brashi za manyoya, visu vidogo vya upasuaji, pamba, na miba ya nungu aliyoletewa na ndugu zake kutoka Unguja. Msinicheke kwa hiyo miba. Chuma kinakwaruza shaba na kijiti cha mti kinavunjika, lakini mwiba wa nungu unabandua uchafu na unajua pa kusimama. Mashine nyingi zimekuja na kuondoka, na miba bado ninayo.

Alinifundisha pia kuuliza kabla ya kugusa. Mwaka wangu wa pili familia moja ilituletea jambia la babu yao litengenezwe ala. Mpini ulikuwa mweusi, nami nilishaushika mswaki. Maalim akanizuia, akamwuliza yule bwana weusi ule umetoka wapi. Bwana akasema ni jasho la mkono wa babu. Ingekuwa mie peke yangu, ningemsafisha babu wa watu nikamtupa na pamba.

Maalim alifanya kazi mpaka macho yakamkatalia, akafa miaka michache baadaye, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maabara ikahamishiwa mtaa uitwao Ghala, kwenye jengo lililobanwa na karakana mbili. Tukapata makabati ya kisasa na vumbi la kisasa. Nikawa mkubwa wa chumba, na Thuraya akaja kuwa msaidizi wangu. Ana macho makali kuliko yangu, na anajua.

Sasa nifike kwa ndege, maana najua wengi wenu mnamngojea yeye, na habari zake mmezisikia nusunusu.

Wachimbaji walimtoa kwenye magofu ya bandari ya kale huko kusini, palipokuwa pakishuka bidhaa za Warumi zamani. Aliletwa ndani ya kikasha cha dawa, amefungwa pamba, na juu ya kikasha pameandikwa: "Msumari, labda." Lilikuwa donge la kijani na mchanga, urefu wa kidole gumba. Nilipolitia chini ya darubini niliona ukingo mmoja umepinda kwa namna ambayo msumari haupindi. Mashine ya eksirei hatukuwa nayo. Nikaandika barua kwa kampuni moja ya viwandani Rusayl inayopiga picha viungo vya mabomba ya mafuta kuona kama vimeunganishwa sawasawa, nikawaomba watupigie donge letu. Wakakubali, nadhani kwa kuchoka na mabomba.

Fundi wa mashine alikuwa Mkenya, mtu wa Machakos, jina lake Mutua. Alinipa koti zito la kujikinga, akanitoa nje, akapiga. Baadaye akaniita kwenye kompyuta.

"Mama, hii si msumari," akasema. "Hii kitu iko na shingo."

Nikasogea. Ndani ya donge alisimama ndege. Kichwani ana kishungi cha ncha tatu, mkia mrefu umeshuka nyuma, na kwenye mkia mna vishimo vya mviringo vilivyopangwa safu. Mgongoni mlikuwa na kipande cha springi, mahali ilipokuwa pini. Nikajua ni bizimu, pambo la kufungia joho begani.

"Ni tausi," nikamwambia.

Mutua akaikuza picha. Kisha akasema, "Miaka saba napiga mabomba. Leo ndiyo siku ya kwanza kuna mtu ndani."

Kazi ya kumtoa ilichukua miezi saba, mwiba kwa mwiba. Shaba nyeusi ya chini ilikuwa nzima, na ndani ya vile vishimo vya mkia mlikuwa na kioo cha buluu na chekundu, kilichoyeyushwa humo na fundi wa Kirumi. Unyoya mmoja wa mkia ulikuwa umevunjika zamani zile zile na fundi mwengine akautengeneza kwa kijimsumari. Huyo fundi wa pili nilimpenda zaidi kuliko wa kwanza. Thuraya akatafuta habari vitabuni, akanisomea mezani: tausi kwa Warumi alikuwa ndege wa malkia wa miungu yao, na wako walioamini kwamba nyama yake haiozi, ndo maana wakamfanya alama ya uhai usiokwisha.

Nikasema vizuri sana, lakini huyu wetu anaoza. Alizikwa kwenye udongo wa pwani, na chumvi ilikuwa imemwingia mpaka moyoni. Chumvi ya namna hiyo hulala. Ikipata unyevu huamka, ikatoka unga wa kijani cheupe, na shaba inageuka vumbi. Tunauita ugonjwa wa shaba, na jina linastahili.

Dawa yake ni subira. Kitu kinalowekwa kwenye maji ya soda, yaani yaliyotiwa magadi, maji yanabadilishwa kila wiki, na kila yanapobadilishwa yanapimwa kwa tone la dawa yenye madini ya fedha. Maji yakichafuka kama yametiwa maziwa, chumvi bado inatoka. Utaratibu wetu, ambao Maalim aliuandika ukutani Wattaya na mie nikauandika ukutani Ghala, ni wiki tatu mfululizo za maji safi kabla kitu hakijatoka.

Sasa nnaandika nililolifanya. Ufunguzi wa chumba kipya cha maonyesho uliharakishwa kwa ajili ya mgeni mkubwa. Thuraya alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Mkurugenzi wetu, Ustadh Hilal, akanipigia simu asubuhi akaniuliza tausi yuko tayari. Nikasema nitapima. Nikapima, tone likaingia, maji yakafanya ukungu. Si maziwa, ukungu tu, kama pumzi juu ya kioo. Nikasimama nayo dirishani. Nikajiambia chumba kina kiyoyozi, sanduku la kioo linafungwa, hakitatokea kitu. Nikachukua kadi ya tausi, inayoandikwa kila anachofanyiwa, nikaandika: "Maji safi, mara tatu." Nikatia saini, kwa hati nzuri kabisa.

Hakuna aliyenilazimisha. Ustadh aliuliza swali, na jibu lilikuwa langu.

Siku za ufunguzi watu walijazana mbele ya sanduku lake. Mutua naye alikuwepo, kwa sababu kandarasi yake ya Rusayl ilikwisha nami nikampendekeza makumbusho wamchukue awe fundi wa masanduku ya maonyesho na viyoyozi. Kila asubuhi akianza kazi alipita kwanza kwa tausi. Alimwita "mgonjwa wetu", kwa mzaha, na mie kila akimwita hivyo nilijitia kutafuta kitu mkobani.

Miezi ikapita, likaja joto. Alkhamisi moja mchana kiyoyozi cha chumba kile kikaharibika. Mutua akaripoti saa ile ile, lakini Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko, na kipuri kilichokuwa kikitakiwa kilipatikana Jumapili. Karibu siku tatu chumba kililoa. Jumatatu Thuraya akanipigia simu, sauti yake ya chini.

"Bi Zuwena, njoo umwangalie tausi."

Nikaenda. Shingoni na chini ya bawa palikuwa na madoa matatu ya unga wa kijani cheupe. Sikuhitaji darubini. Nilimtoa, nikamtia kwenye chombo kikavu, nikakifunga.

Idara ya utawala ikaunda kikao haraka. Mkuu wa utawala aliandika kwamba unyevu uliingia, unyevu ni kazi ya fundi, na fundi ni Mutua. Wakamwambia akae nyumbani mpaka uamuzi utoke, na sote tulijua uamuzi wa mtu wa kandarasi huwa ni tiketi ya ndege. Nilimkuta siku ya kikao amekaa kwenye kiti cha nje ya ofisi ya Mkurugenzi, kavaa shati lake la kazi limepigwa pasi.

"Nambie, Mutua," nikamwuliza, "ile Alkhamisi ulifanya nini?"

"Mama, nilipoona hewa imekufa, nilitoa vile vifuko vya kukausha unyevu kwa masanduku ingine, nikaweka vyote kwa sanduku la tausi. Nilijua yeye ndiye mnyonge. Nikafunga na mkanda pembeni. Saa zingine nafikiri labda sikufunga vizuri."

Masanduku mengine aliyanyang'anya vifuko, na ndani yake zimo shaba kumi na moja, zote zimekaa kwenye unyevu mbaya zaidi kuliko tausi. Nami nilikuwa nimezikagua zote jana yake. Hakuna hata moja iliyotoka doa. Zote zilioshwa mpaka maji yakawa safi kweli. Aliyeumwa ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na sanduku kavu kuliko yote.

Nilikuwa nimebakiza miezi minane kustaafu. Sitawadanganya kwamba sikuihesabu. Niliihesabu pale pale, mkono wangu uko kwenye kitasa cha mlango.

Ndani alikuwepo Ustadh Hilal, mkuu wa utawala, na Thuraya. Ustadh ni wa ukoo wa Unguja kama sisi, lakini ofisini husema Kiarabu, na akikasirika Kiarabu chake huwa cha vitabuni. Siku hiyo kilikuwa cha vitabuni. Nikangoja mkuu wa utawala amalize, nikaomba ruhusa.

"Ustadh, chumba kile kina shaba nyengine kumi na moja. Zimelowa kuliko tausi, na zote nzima. Kosa haliko kwa Mutua."

"Liko wapi basi?"

"Liko kwenye kadi. Kadi inasema maji safi, mara tatu. Siku niliyoiandika nilipima mara moja, na maji hayakuwa safi. Niliandika uongo, nikatia saini."

Mkuu wa utawala akaacha kuandika. Thuraya aliinamisha kichwa, na hilo liliniuma kuliko yote, maana kadi zangu ndizo alizojifunzia kazi.

Ustadh alinigeukia. "Hakuna mtu ambaye angejua," akasema. "Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu Mutua amekaa nje."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu yake ya dishdasha. Alipoivaa tena alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha nyumbani.

"Atapona?"

"Nani, Ustadh?"

"Tausi, bibi wee. Atapona?"

"Tukianza leo, atapona."

"Basi anzeni leo. Barua ya onyo utaipata, sina namna. Na kadi usiichane wala usifute. Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, hapo chini uandike ulichokifanya, utie tarehe." Kisha akamgeukia mkuu wa utawala. "Mwite huyo Mutua aingie."

Mutua aliingia, akasimama karibu na mlango. Nilimweleza mwenyewe, mbele ya wote, kwamba madoa yale yametoka kwenye kazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea hasira, na ningeipokea.

"Kwa hivyo si mkanda," akasema.

"Si mkanda. Ulifunga vizuri. Pengine bila ya wewe angekuwa vumbi."

Akashika ukuta. "Mama, siku tatu sijalala. Nilikuwa nafikiri nimemuua."

Thuraya ndiye aliyemletea kiti. Mie kifuani palikuwa wazi, kama mtu aliyefungua madirisha ya nyumba iliyofungwa mwaka mzima. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimebana pumzi tangu ile asubuhi ya ukungu.

Barua ya onyo ilikuja wiki ile ile. Jina langu, safari hii, walilipata sawasawa.

Tukamlaza tausi tena kwenye maji ya soda. Wiki ya kwanza maji yalichafuka. Ya pili, ya tatu, ya saba, yote yalichafuka, kila mara kidogo kidogo kupungua. Niliogopa kile kioo cha buluu na chekundu kisije kikang'oka, nikawa nakikagua kila asubuhi kabla ya chai. Kila Jumapili Mutua alikuja Ghala wakati wake wa chakula, akisimama nyuma yetu na sambusa mkononi mpaka Thuraya akamfukuza kwa ajili ya makombo.

Wiki ya ishirini na sita nilimpa Thuraya adondoshe tone, kwa sababu nilitaka macho yasiyokuwa yangu. Tone likashuka, likazama, likapotea. Maji yakabaki maji. Akainua kichupa mwangani, akakigeuza, akaweka karatasi nyeusi nyuma yake.

"Safi," akasema.

"Hebu tazama tena."

"Bi Zuwena, safi."

"Uandike wewe."

Akaandika. Wiki iliyofuata safi, na iliyofuata safi. Nikataka wiki ya nne, Thuraya akasema kanuni ni tatu. Nikasema kanuni ni tatu kwa mtu ambaye hajadanganya. Tukafanya nne. Kisha tukamtia siku kumi ndani ya kisanduku chenye unyevu wa makusudi, mtihani ambao mwanzo niliuruka, tukamtoa mkavu, mweusi wa kung'aa, hana doa.

Alirudi kwenye sanduku lake mwezi wangu wa mwisho kazini. Mutua ndiye aliyefunga kioo.

Wiki zangu zilizobaki nilizitumia kwa jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilitoa kadi zangu zote, za Wattaya na za Ghala, nikazisoma moja moja nikiwa na kila kitu chake mkononi. Niliogopa, sifichi. Mtu akishasema uongo mmoja hana hakika tena kama ni mmoja. Nilikuta tarehe mbili zimekosewa, bakuli moja nililoliita chungu, na kadi moja yenye doa la kahawa la Maalim. Zaidi ya hayo, kila kilichoandikwa kilikuwa ndicho kilichofanywa.

Siku ya mwisho nilikwenda kwa Ustadh Hilal kukabidhi funguo. Alizihesabu, akazitia kwenye bahasha, kisha akafunga mlango.

"Zuwena, nakuuliza kabla hujaondoka. Kuna jengine ndani ya makabati yale ambalo ingefaa nilijue?"

Nilipita kichwani kabati baada ya kabati, rafu baada ya rafu, mpaka ile ya chini kabisa karibu na dirisha.

"Hakuna, Ustadh," nikasema.

Akakubali kwa kichwa, akanipa mkono. Nikateremka ngazi, nikaingia garini, na kabla sijawasha nilikaa kidogo nimeshika usukani. Nilikuwa nimesema kweli, na nilijua kwamba nimesema kweli. Nikaenda nyumbani, nikala wali na samaki, nikalala tangu adhuhuri mpaka waliponiamsha kwa sala ya alasiri.